Mama mwenye goti bovu atembee wapi Bukavu?

Swali: Mwalimu, mama yangu ana miaka 64. Ana kisukari na goti la kuume linamuuma. Daktari amemwambia atembee, lakini kutembea barabarani kati ya magari na vumbi amekataa. Yeye ni mzaliwa wa Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu. Akikaa siku nyingi bila kulisogelea ziwa anakuwa kama mgonjwa zaidi. Tunakaa Bagira, hapa Bukavu, na nina watoto wawili, wa miaka 7 na 10. Kuna njia rahisi za kandokando ya ziwa au za msituni ambazo sisi wote tunaweza kutembea siku ya Mungu? Na mbuga ya Kahuzi, je, inawezekana?

Jibu: Dada yangu, kabla sijakutajia njia hata moja, nikueleze kosa nililolifanya mwenyewe, maana lilinifundisha kazi hii ya kutibu viungo vya mwili kwa mazoezi kuliko shule. Nilikuwa na mama mmoja aliyevunjika mguu. Tulimaliza mazoezi ya miezi mitatu, akawa anatembea vizuri. Asubuhi moja nikampeleka Muhumba, rasi moja ya mji wetu, tukashuka kwa kijia hadi majini. Tulishuka kwa dakika kumi na mbili tukiongea na kucheka. Akanawa uso, akakaa juu ya jiwe, akasema leo nimepona. Tulipogeuka kurudi, hatukufika hatua hamsini, goti likakataa. Kijia kilikuwa chembamba, motari wa pikipiki hawezi kushuka. Vijana wawili waliokuja kuchota maji ndio waliombeba mgongoni kwa zamu, na njia nzima mama yule alilia kwa aibu. Alikaa wiki tatu hataki kusikia habari ya kutembea. Nilikuwa nimepima njia ya kwenda, sikupima ya kurudi.

Kwa hiyo hapa kwetu, ukitaka kujua kama njia ni rahisi, anza kuitazama kutoka mwisho wake. Mahali pengine mtu hupanda akiwa na nguvu, akashuka akiwa amechoka. Bukavu ziwa liko chini na nyumba ziko juu. Raha inakuja kwanza, mlima unakungoja jioni.

Hilo linatokana na umbo la nchi yenyewe. Zamani za kale maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, upande wa Nile. Volkeno za Virunga zikaziba mlango, maji yakapanda mpaka yakapata pa kutokea kusini, ndipo mto Ruzizi ukaanza kushuka kwenda Tanganyika. Maji yalipopanda yalimeza mabonde, migongo ya vilima ikabaki nje. Migongo hiyo ndiyo rasi zetu tano. Wazee husema Bukavu ni mkono uliochovya vidole ziwani, na kwa mtu anayetembea maneno hayo yana faida kubwa: tembea juu ya mgongo wa kidole, usivuke kutoka kidole kimoja hadi kingine. Juu ya mgongo barabara inainama na kuinuka kidogo tu. Ukivuka, unaangukia bondeni, kisha unapanda ukuta.

Ipo hesabu ya Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892. Alihesabu saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za tambarare, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Yaani kila mita 10 za kupanda zinaongeza dakika moja. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mzima wa afya. Kwa mama yako mimi ningeweka dakika 20 hadi 25 kwa kilomita moja, na dakika mbili kwa kila mita 10 za kupanda. Uso wa ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa yetu ya juu inapita 1,600. Ukimshusha mpaka majini kisha akapanda kwa miguu hadi huko, umemwongezea nusu saa ya kupanda peke yake, na jua limeshatoka. Usifanye hivyo.

Basi mwezi wa kwanza anzeni na vidole vyenyewe. Pandeni taksi mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mshuke mwanzoni mwa La Botte au Muhumba, mtembee taratibu kufuata mgongo wa rasi. Siku ya Mungu saa hizo magari ni machache, watu wanaelekea misa ya kwanza. Mtapita nyumba za zamani zenye kona za mviringo, zilizojengwa wakati mji huu ulipoitwa Costermansville, na katikati ya nyumba na nyumba ziwa litajitokeza, mara upande huu, mara upande ule. Nisikufiche: sehemu kubwa ya ukingo imezungushiwa ukuta, na kila mwaka nafasi ya mtu wa kawaida kufika majini inapungua. Hilo linaniuma. Lakini kwa goti la mama, barabara ile ya juu ni bora kuliko kijia chochote. Mwende dakika 15, mgeuke, mrudi dakika 15. Akiweza kukusimulia habari nzima bila kukata maneno kwa ajili ya pumzi, mwendo wake ni mzuri. Akianza kujibu ndiyo na hapana tu, punguzeni.

Akizoea, ndipo mtoke mjini. Mkishika barabara ya kwenda Kavumu, baada ya kuacha milima ya Bukavu nchi inafunguka. Eneo la Kabare upande wa ziwa, kuelekea Birava hadi Katana, lina miinuko mirefu ya polepole ambayo mguu hauisikii sana. Huko ndiko ningempeleka mzaliwa wa Idjwi. Chagueni kijiji kilicho karibu na maji, gari liwaache hapo hapo chini, mtembee sambamba na ukingo, na gari au pikipiki iwafuate mahali pale pale mlipofika. Hapo hakuna mlima wa mwisho.

Vijia hivyo hupita chini ya migomba, halafu kando ya mafunjo, halafu vinatokea kwenye ufuko mdogo wa mitumbwi. Mkifika mapema mtawakuta wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza wanarudi. Chombo chao ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zao za usiku zimezimwa, na wanapiga kasia kwa wimbo. Kwenye ufuko akina mama wanatandaza sambaza juu ya nyavu kuukuu. Mwambie mtoto wa miaka 7 achuchumae atazame: samaki akitoka majini mgongo wake una rangi ya kijani kidogo, ubavu ni kama bati jipya, jua likimpiga nusu saa anakuwa wa kijivu na mkia unaanza kujikunja. Juu wanazunguka mwewe, na mtoto mmoja wa nyumba ile ana kazi moja tu, kuwafukuza kwa ufito. Bibi awasimulie wajukuu kwamba samaki huyu hakuwa wa ziwa hili: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na bibi mwenyewe alizaliwa karibu na miaka hiyo hiyo. Mimi hutumia hadithi kama hizi kupumzisha wagonjwa wangu. Mtu akisimama kutazama samaki hahisi kwamba amesimama kwa sababu amechoka.

Kila kijia huko kinapita katika shamba la mtu. Salimieni kwanza, Asinge, kwa sauti ya kusikika, mwombe kupita, na mkikuta mzee wa kijiji au chefu mweleze mmetoka wapi na mnakwenda wapi. Watoto wako wasiguse mihogo wala maharage. Na wasiingie kwenye vijito na mabwawa ya bondeni, hata kama maji ni meupe: kichocho kipo katika eneo la Lwiro na Katana, na kinaingia kwa ngozi tu, mtu hahitaji kunywa maji.

Sasa msitu. Hapa lazima tuelewane maneno, kwa sababu wengi wakisema msitu Bukavu wanamaanisha mikaratusi. Ile ni miti iliyopandwa kwa ajili ya mbao na makaa. Naiheshimu, inapika chakula chetu, lakini kivuli chake ni chembamba, na magamba yake yaliyoanguka yanateleza kama ganda la ndizi, hasa kwenye mteremko. Mama mwenye goti bovu nisingempitisha hapo baada ya mvua.

Mahali pa miti mikubwa na ardhi inayokubali mguu ni Lwiro. Ukipita Kavumu unaacha barabara kuu, unapanda upande wa milima kidogo, na ghafla unaingia katika uwanja uliopangwa, wenye majengo makubwa ya zamani na njia pana chini ya miti. Taasisi ya utafiti ya IRSAC iliundwa mwaka 1947 na kuweka makao yake hapo. Leo ni kituo chetu cha utafiti wa sayansi ya viumbe na ardhi, CRSN. Tangu 2002 kuna pia makao ya kulelea sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Kwa miguu ya mama yako Lwiro ni zawadi: gari linafika juu kabisa, njia ni pana, mahali pa kukaa hapakosekani, na mlima wa msitu wa kweli unaonekana kwa nyuma bila kuupanda. Ulizeni mlangoni sehemu gani iko wazi siku hiyo. Watoto wakitaka kuwaona sokwe, waelezeni kabla hawajafika kwamba wale ni yatima, mama zao waliuawa ili wao wauzwe. Mtoto wa miaka 10 anaelewa hilo vizuri, na anakuwa mtulivu mwenyewe.

Kando ya barabara za huko juu mtaona pia mashamba ya chai na ya mti wa kinini. Majani ya kinini yakizeeka yanageuka mekundu kabla ya kuanguka, kwa hiyo hata mtoto ataujua mti kwa mbali. Ganda lake ndilo lililotoa dawa ya malaria, na jina lake sisi tumekipa kila kidonge: hata cha kichwa tunakiita kinini. Njia za mashamba ya chai zimechongwa kwa kufuata ubavu wa kilima ili gari la kubeba majani lipite, kwa hiyo mwinuko wake ni mdogo. Ombeni ruhusa kwa wasimamizi. Kwangu mimi hakuna njia rahisi zaidi ya ile katika Kivu nzima, jani la chai kiunoni pande zote na upepo wa msitu ukishuka.

Umeuliza Kahuzi. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1980, ni msitu wenyewe hasa: mianzi, miti ya kale yenye ndevu za kuvu, na sokwe wakubwa wa nyanda, gorila wa Grauer, ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa mashariki ya Kongo. Napenda mahali pale kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini jibu langu kwako kwa sasa ni hapana. Watoto wa umri huo hawaruhusiwi kufuata gorila, kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308 na njia yake ni ngumu hata kwa vijana, na katika miaka hii ya vita msitu huo una watu wenye silaha. Utazameni mlima huo ukiwa mbali, kutoka Lwiro au kutoka kwenye chai. Na mkiutazama, waambie watoto kwamba msitu ule ulikuwa nyumba ya Batwa, waliofukuzwa humo katika miaka ya 1970 bila kulipwa chochote. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa, ukasema waziwazi kwamba walidhulumiwa. Mtu asitembee kando ya nchi nzuri bila kujua nani alikuwa anaiita kwao.

Habari ya usalama ni ile ile kwa njia zote za nje ya mji, hasa tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini. Njia iliyokuwa shwari Jumapili iliyopita si lazima iwe shwari leo. Asubuhi ile ile ya kuondoka piga simu kwa mtu anayeishi huko, uliza motari aliyetoka huko, uliza akina mama wanaoshuka na mizigo kutoka soko la Mudaka. Wakikosa kushuka kama kawaida, hilo ndilo jibu. Bakieni La Botte. Mbebe kadi zenu za uchaguzi, ndizo kitambulisho chetu. Msipige picha za daraja, bwawa la umeme, mpaka wala mtu mwenye sare. Saa sita mchana muwe mmeshapanda gari la kurudi.

Saa sita hiyo ina sababu nyingine pia. Mwaka 2016 watafiti walipanga kwa data za setilaiti sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo kule Venezuela. Ya pili waliitaja kwa jina la Kabare, ndiyo hii yetu, zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Katika miezi ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, mawingu mara nyingi hujijenga juu ya milima mchana. Mkisikia ngurumo, tokeni ufukoni na msijifiche chini ya mkaratusi uliosimama peke yake. Ingieni nyumbani kwa mtu. Hakuna mama wa Kabare atakayewafungia mlango mkiwa na bibi na watoto.

Mvua hiyo hiyo inaligeuza udongo wetu mwekundu kuwa sabuni. Ndani ya mji kuna na jambo zito zaidi: miteremko mingine haijatulia, inasogea. Funu ndiyo inayojulikana. Mkiona nguzo za umeme zimeinama kila moja upande wake, ukuta mpya una ufa, na barabara imejikunja kama mkeka, hapo si mahali pa kutembea baada ya mvua kubwa, hata kama panaonekana tambarare. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya mama.

Sasa mwili wake. Kushuka kunaumiza goti kuliko kupanda, kwa sababu msuli wa paja unabeba uzito huku ukirefuka. Kwenye mteremko apige hatua fupi, au akate njia kwa kuzungukazunguka kama mbuzi anavyofanya. Fimbo ishikwe mkono wa kushoto, maana goti bovu ni la kuume. Wengi wanashika upande wa maumivu na hawapati nafuu. Urefu wake uwe hivi kwamba akiishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Kandambili zibaki nyumbani, na buti za mpira vilevile: zinacheza mguuni na kuchubua kisigino, na kwa mtu wa kisukari mchubuko mdogo ni hatari kubwa. Viatu vya kufunga kamba, soksi safi zisizo na mshono mnene. Ale kabla ya kutoka, abebe sukari au ndizi mbili mfukoni, na akianza kutetemeka au kutoka jasho baridi ale papo hapo, msingoje kufika. Kama anatumia sindano ya insulini, muulizeni daktari wake kwanza juu ya kipimo cha siku ya kutembea. Mkirudi, wewe mwenyewe umvue soksi, utazame nyayo na katikati ya vidole.

Jumapili moja haitoshi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kwa hiyo siku nyingine nne afanye dakika 30 pale pale Bagira, kwenye kipande cha barabara kisicho na mwinuko, kwenda na kurudi, hata kama kinachosha macho.

Kuhusu Idjwi, najua utaniuliza. Kisiwa kile kina vijia vya ukingoni vinavyomfaa, na ataonja nanasi la kwao. Mngoje mpaka aweze saa moja kamili bila goti kuvimba. Na siku mkienda, mpande chombo ambacho kila mtu amevaa jaketi la kuokolea, watoto pia. Mkikuta kimejaa kupita kiasi mshuke, hata kama mmeshalipa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaa ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi walikufa ufuko ukiwa mbele ya macho yao.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajateremka kitandani, weka viganja viwili juu ya magoti yake, kimoja kila goti. La kuume likiwa na joto kuliko la kushoto, au shimo la pembeni mwa kifuniko cha goti limejaa, matembezi ya jana yalikuwa marefu mno: Jumapili ijayo mpunguze nusu. Yakiwa sawa, ongeza dakika tano.